Orodha Tatu za Asali Moja: Kisa cha Kujifunza XML na XSLT Sikonge

Kikundi kimoja cha warina asali wilayani Sikonge, mkoani Tabora, kilikuwa na orodha tatu za mavuno ya msimu mmoja, na jumla zake hazikulingana. Ya kwanza ilikuwa ya mhazini, ya kuwalipia wanachama. Ya pili ilikwenda kwa mnunuzi wa mjini, anayetaka kujua kila ndoo imetoka kambi gani na mzinga wa aina gani. Ya tatu ilipelekwa kwa afisa nyuki wa wilaya. Zote zilitengenezwa na mtu mmoja, katibu wa kikundi, kijana anayeijua Excel vizuri, na zote zilitoka kwenye daftari moja. Hakuna aliyeiba wala aliyeshindwa kujumlisha. Mwanachama akija kulalamika kwamba alileta ndoo tatu na kaandikiwa mbili, katibu alisahihisha orodha ambayo alikuwa ameifungua saa hiyo. Zile nyingine mbili zilibaki na kosa.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanaoanza XML, lugha ya kuandika taarifa kwa alama zinazoeleza maana yake, hukwama palepale alipokwama katibu huyu, na mafunzo mengi hupita hapo mbiombio. Mafunzo hukazania alama: mabano yaandikweje, mkwaju (/) ukae wapi. Alama mtu huzizoea upesi. Kinachomtesa mwanafunzi wiki nzima ni kutojua amesimama wapi kwenye mti wa taarifa (vitu vilivyo ndani ya vitu, kama matawi) anapoandika amri yake.

Kwa nini Excel haikutosha

Kwa orodha iliyonyooka, yenye safu chache na mstari mmoja kwa kila mtu, Excel inatosha kabisa na sina sababu ya kumsumbua mtu na XML. Daftari la Sikonge halikuwa la namna hiyo. Mrina mmoja anaweza kuwa na kambi mbili porini, kila kambi na mizinga ya aina yake, na kila kambi ikavunwa mara kadhaa. Ukiyalaza hayo kwenye jedwali, jina la kijiji na namba ya mwanachama vinarudiwa kila mstari. Siku moja "Tutuo" inaandikwa "Tutuwo" kwenye mstari mmoja, na ripoti inakuja na kijiji ambacho hakipo duniani.

XML inakubali vitu kukaa ndani ya vitu, bila kurudia. Jambo la pili ni kwamba faili la XML linasema kitu *ni nini*, halisemi kitaonekanaje. Kuonekana kunaachiwa faili jingine, la staili, ambalo linaweza kuwa moja au kumi kwa data ileile. Wazo hili ni la kale kuliko wavuti. Mwaka 1969, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, wakiwa IBM, walibuni lugha ya GML ya kutia nyaraka alama kwa maana yake. Kutoka hapo ikaja SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 1986, lakini ilikuwa nzito mno kwa matumizi ya kawaida. XML ni SGML iliyopunguzwa uzito, na W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha tarehe 10 Februari 1998. XSLT 1.0, lugha ya kugeuza XML kuwa umbo jingine, ilifuata tarehe 16 Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark.

Dawa ya orodha tatu ilikuwa hiyo: faili moja la mavuno, staili tatu. Kosa likisahihishwa, linasahihishwa mahali pamoja, na orodha zote huzaliwa upya.

Faili la kwanza

Katibu aliandika haya, na namba za humu ni za mfano ili hesabu iwe rahisi kufuata:

```
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<kikundi>
  <mrina namba="M07">
    <kijiji>Ipole</kijiji>
    <kambi mzinga="gome">
      <mavuno tarehe="2024-06-22" kipimo="ndoo"
              malipo="756,000/=">3</mavuno>
      <mavuno tarehe="2024-07-14" kipimo="lita"
              malipo="126,000/=">10</mavuno>
    </kambi>
    <kambi mzinga="sanduku">
      <mavuno tarehe="2024-07-15" kipimo="kilo"
              malipo="198,000/=">22</mavuno>
    </kambi>
  </mrina>
  <mrina namba="M12">
    <kijiji>Tutuo</kijiji>
    <kambi mzinga="gogo">
      <mavuno tarehe="2024-07-02" kipimo="ndoo"
              malipo="252,000/=">1</mavuno>
    </kambi>
  </mrina>
</kikundi>
```

Hapo limeshasafishwa kidogo. Toleo la awali lilikataliwa na kompyuta kwa sababu ambazo kila anayeanza atakutana nazo. Alifungua kwa `<Mavuno>` akafunga kwa `</mavuno>`, na XML huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa vitu viwili tofauti. Aliandika `<mrina 07>`, wakati sifa, yaani maelezo mafupi yanayokaa ndani ya alama ya kufungulia, lazima iwe na jina na thamani yake ikae ndani ya alama za nukuu. Kuna mwanachama mwenye kambi mpakani, kijiji chake akakiandika `Ipole & Tutuo`. Ikaja lawama ya `xmlParseEntityRef: no name`, ambayo kwa mtu mgeni haisemi lolote. Maana yake ni kwamba alama ya `&` hufungua msimbo maalumu, na msomaji wa XML alikuwa akisubiri jina la msimbo huo asilione. Misimbo iliyokuja na XML yenyewe ni mitano: `&amp;` `&lt;` `&gt;` `&quot;` na `&apos;`. Katibu aliandika "na" badala ya `&` na kazi ikaisha.

Faili likishapita mitihani hiyo, yaani lina mzizi mmoja tu, kila kilichofunguliwa kimefungwa na hakuna kilichopishana na mwenzake, tunasema lina umbo sahihi. Umbo sahihi halimaanishi kwamba taarifa zake ni sahihi. Mkanganyiko huo uliwagharimu mbele ya safari.

Katibu, ambaye nilikuwa nikimfundisha, aliniuliza swali ambalo watu hulibishania sana: kipi kiwe elementi, yaani alama ya kufungua na ya kufunga pamoja na kilichomo, na kipi kiwe sifa? Mimi hushauri hivi. Kitu chenye watoto ndani yake, au kinachoweza kurudiwa, kiwe elementi, kwa sababu elementi moja haiwezi kubeba sifa mbili za jina moja. Kitambulisho kifupi kisichorudiwa, kama namba ya mwanachama au aina ya mzinga, kinakaa vizuri kama sifa. Kijiji kingeweza kuwa popote, na sikuona haja ya kupoteza asubuhi kukijadili.

Kila kitu kilimwagika

Kabla hajaandika staili yoyote ya maana nilimtaka aendeshe staili tupu, isiyo na kiolezo hata kimoja, yaani amri ya nini kifanyike kwa kitu fulani:

```
<xsl:stylesheet version="1.0"
  xmlns:xsl="http://www.w3.org/1999/XSL/Transform"/>
```

Alitarajia ukurasa mweupe. Yakatoka haya, na nafasi nyingi katikati:

```
Ipole
3
10
22
Tutuo
1
```

Ningependa kila mwalimu wa XSLT aanzie hapa. Mwanafunzi aliyezoea lugha nyingine za programu anadhani kwamba asipoandika amri, hakuna kinachofanyika. XSLT inakwenda kinyume. Inaanza kwenye mzizi na kuutembelea mti nodi kwa nodi (nodi ni kila kipande cha mti), na kila ikifika kwenye nodi inauliza kama kuna kiolezo kinachoihusu. Kisipokuwepo, inatumia kanuni zake za kuzaliwa nazo: kwa elementi, iingie ndani kwa watoto wake, kwa maandishi, iyanakili kwenye matokeo. Ndiyo maana vijiji na idadi vilitoka bila kuombwa.

Kisha nikamwambia aangalie kisichoonekana. Namba za wanachama hazikutoka. Tarehe hazikutoka, wala malipo. Sifa hazihesabiwi kuwa watoto wa elementi, na matembezi yale ya kawaida hupita kwa watoto peke yake. Ukizitaka sifa, uziite kwa jina, ukitanguliza `@`.

Baadaye aliandika kiolezo chake cha kwanza, cha `mavuno`, na akashangaa majina ya vijiji yanaendelea kujitokeza katikati ya jedwali. Alianza kufuta mistari kwenye faili la data ili yaondoke. Nilimzuia. Data haina kosa. Kijiji hakijapewa kiolezo, kwa hiyo kanuni ya kuzaliwa inakishughulikia. Mstari mmoja unatosha kukinyamazisha:

```
<xsl:template match="kijiji"/>
```

Kiolezo kitupu ni amri kamili: ukifika kwenye kijiji, usitoe chochote. Mtu akishalielewa hili vizuri, sehemu kubwa ya hofu ya XSLT inamtoka, maana anaacha kuiona kama mashine inayofanya mambo yake kwa siri.

NaN

Jedwali la malipo lilihitaji jumla ya kila mwanachama. XPath, lugha ya njia inayotumika ndani ya XSLT, ina kazi ya `sum()`, na katibu aliitumia. Kila mstari ukaandika NaN.

Herufi hizo tatu zinasema kwamba kilichopewa kujumlishwa si namba. Chanzo ni jinsi tunavyoandika pesa zetu. "756,000/=" kila Mtanzania anaisoma bila kusita, lakini XPath 1.0 inakubali tarakimu, nukta ya desimali na alama ya kutoa mbele, basi. Mkato ni kigeni kwake, na `/=` ni kigeni zaidi. Thamani moja mbovu huiharibu jumla nzima, kwa hiyo hata kama wanachama wote wangeandikwa vizuri isipokuwa mmoja, jumla ya kikundi bado ingekuwa NaN.

Katibu alitaka kuziondoa alama hizo ndani ya staili. Inawezekana, kuna kazi ya `translate()` inayofuta herufi, lakini ingebidi irudiwe katika staili zote tatu, na `sum()` ya toleo la 1.0 haikubali kupewa nodi zilizokwisha kubadilishwa hivyo. Mahali pa kutibu ni kwenye data: `malipo="756000"`. Mkato na `/=` ni mapambo ya kumsaidia msomaji, na mapambo yanatiwa wakati wa kutoa:

```
<xsl:value-of select="concat(format-number(
   sum(kambi/mavuno/@malipo), '#,##0'), '/=')"/>
```

Naona hili ndilo somo la XML lenyewe, na kijana alilipata kwa njia ya pesa, jambo ambalo mtu hasahau.

Wote walilipwa sawa

Njia iliyoandikwa hapo juu, `kambi/mavuno/@malipo`, si ile aliyoanza nayo. Ya kwanza ilikuwa hii:

```
<xsl:template match="mrina">
  <tr>
    <td><xsl:value-of select="@namba"/></td>
    <td><xsl:value-of select="sum(//mavuno/@malipo)"/></td>
  </tr>
</xsl:template>
```

NaN ilikuwa imeondoka, jedwali limepangika, namba zinaonekana safi. Katibu alilichapa na kumpelekea mhazini, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Aliliangalia kwa muda.

"Mwanangu, mwaka huu tunalipana sawasawa? Hata huyu wa ndoo moja?"

"Hapana mama, kila mtu na chake."

"Basi soma hapa."

M07 alikuwa na 1,332,000. M12 alikuwa na 1,332,000. Hiyo ni jumla ya kikundi kizima, na kila mwanachama alikuwa amepewa yote. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea popote, kwa sababu kwa upande wa kompyuta hakuna kosa. Aliomba jumla ya mavuno yote, akapewa.

Mkwaju mbili mwanzoni mwa njia humrudisha msafiri kwenye mzizi wa mti, popote alipokuwa, kisha kutafuta kila `mavuno` chini yake. Katibu alidhani kwamba kwa kuwa ameandika ndani ya kiolezo cha `mrina`, basi kila kitu kitahusu mrina huyo. Kinachohusu mrina huyo ni njia inayoanzia hapo aliposimama. Ni kama kumwelekeza mgeni wa Tabora kwamba "ukifika mwembe, kata kushoto": kushoto kwake kunategemea ametokea upande gani. Njia `kambi/mavuno` inaanzia kwenye mrina anayeshughulikiwa, ikashuka kwenye kambi zake, ikafika kwenye mavuno yake. Njia `.//mavuno`, yenye nukta mbele, nayo ingefaa, kwani nukta ni "hapa nilipo". Tofauti ya nukta moja ilikuwa tofauti ya laki kadhaa kwa mwanachama.

Tulichofanya baada ya hapo ni kuweka kompyuta pembeni na kuuchora mti kwenye karatasi: kikundi juu, warina chini yake, kambi, mavuno, sifa zikiandikwa ubavuni. Nikawa naweka kidole kwenye nodi na kumtajia njia, naye anaonyesha tunafika wapi. Kidole kwenye `mavuno` la kwanza, njia `../@mzinga`: tunapanda kwa mzazi na kusoma "gome". Kidole palepale, njia `../../kijiji`: Ipole. Kidole kwenye `mrina` wa pili, njia `kijiji`: Tutuo. Kidole kwenye `mrina` huyohuyo, njia `mavuno`: hatufiki popote, kwa sababu mavuno ni wajukuu, na njia hiyo inatafuta watoto tu. Jibu hilo la mwisho lilimkera mwanzoni, halafu likamfungua macho. Matokeo matupu aliyowahi kuyapata na kuyalaumu kwa programu mbovu yalitokana na hilo hilo.

Kama ningekuwa na saa mbili tu za kumfundisha mtu XSLT, ningezitumia zote kwenye karatasi hiyo.

Kilo, lita na ndoo

Afisa nyuki anataka uzito. Daftari lina ndoo za lita 20, lita zilizopimwa kwa chupa, na kilo pale mizani ilipokuwepo. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo iliyojaa ni kama kilo 28. XSLT 1.0 haina njia nyepesi ya kusema "zidisha kila moja kisha jumlisha", na wengi hapa hutumbukia kwenye violezo vinavyojiita vyenyewe. Haikuwa lazima. Mabano ya mraba huchuja nodi, basi tukachuja kwanza na kuzidisha baadaye:

```
<xsl:value-of select="
   sum(kambi/mavuno[@kipimo='kilo'])
   + 28  * sum(kambi/mavuno[@kipimo='ndoo'])
   + 1.4 * sum(kambi/mavuno[@kipimo='lita'])"/>
```

Kwa M07 inakuja 22 na 84 na 14, jumla kilo 120. Asiyekuwa na mavuno ya kipimo fulani hana shida, jumla ya seti tupu ni sifuri.

Kupanga walioleta nyingi juu kulikuwa na mtego wake. `xsl:sort` hupanga kama maandishi isipoelekezwa vingine, na kwa maandishi "252000" iko mbele ya "1080000" kwa kuwa 2 inaishinda 1. M12 akakaa juu ya M07. Kuongeza `data-type="number"` kulimaliza hilo.

Kivinjari kilikataa

Katibu alikuwa ameelekezwa na rafiki yake aweke mstari wa `xml-stylesheet` juu ya data na kulifungua faili kwenye Chrome. Ukurasa ulikuja mtupu. Chrome hairuhusu faili la XML lililofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski kuita staili iliyo pembeni yake, kwa sababu za usalama. Isitoshe, mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba inakusudia kuiondoa XSLT kwenye kivinjari hicho. Kwa anayeanza leo sishauri kabisa kujifunzia kwenye kivinjari. `xsltproc`, programu ya kuendesha staili za XSLT, ni ya bure, haihitaji intaneti ikishawekwa, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta chakavu:

```
xsltproc -o malipo.html malipo.xsl mavuno.xml
```

Inaishia kwenye toleo la 1.0. Matoleo ya 2.0 na 3.0, ya mwaka 2007 na 2017, yana mambo mazuri zaidi, hasa ya kuweka data katika makundi, lakini yanataka programu nyingine kama Saxon. Kikundi hakikuyahitaji. Staili ya malipo na ya mnunuzi zilitoa HTML ya kuchapa; ya wilaya ilitumia `<xsl:output method="text"/>` na kutoa mistari yenye mikato, ambayo afisa anaifungua kwenye Excel yake.

Debe

Orodha tatu sasa zilikubaliana. Halafu mwanachama mmoja akaleta asali kwa debe, na katibu, kwa uaminifu wake, akaandika `kipimo="debe"`. Fomula ya uzito inajua kilo, ndoo na lita. Mavuno hayo yalilipwa lakini hayakuwa na uzito wowote kwenye ripoti, na tena hakuna aliyelalamika. Faili lilikuwa na umbo sahihi kabisa.

Hapa ndipo panahitajika hatua ya pili ya ukaguzi, ya kulinganisha faili na kanuni zilizoandikwa. Kuna lugha kadhaa za kanuni. DTD ndiyo ya zamani na fupi, na kwa ukubwa huu inatosha:

```
<!ELEMENT kikundi (mrina+)>
<!ELEMENT mrina (kijiji, kambi+)>
<!ATTLIST mrina namba ID #REQUIRED>
<!ELEMENT kijiji (#PCDATA)>
<!ELEMENT kambi (mavuno+)>
<!ATTLIST kambi mzinga (gome|gogo|sanduku) #REQUIRED>
<!ELEMENT mavuno (#PCDATA)>
<!ATTLIST mavuno tarehe CDATA #REQUIRED
                 kipimo (kilo|lita|ndoo) #REQUIRED
                 malipo CDATA #REQUIRED>
```

Kijumlisho (`+`) kinasema "kimoja au zaidi". Sifa ya aina ya ID haiwezi kurudiwa katika faili zima, kwa hiyo wanachama wawili hawawezi kupewa M07. Pia haiwezi kuanza na tarakimu, na bahati nzuri M ilikuwepo tangu zamani kwenye daftari. Amri ni hii, na katibu huiendesha kila anapomaliza kuingiza mavuno, kabla ya kugusa staili:

```
xmllint --noout --dtdvalid mavuno.dtd mavuno.xml
```

"Debe" ikakataliwa na namba ya mstari ikatajwa. Ikabidi ile asali ipimwe upya kwa mizani, jambo ambalo lingepaswa kufanyika tangu mwanzo. DTD ina udhaifu, haiwezi kukagua kwamba malipo ni namba wala kwamba tarehe ni tarehe. Kwa hayo kuna XML Schema na RELAX NG, na kikundi kikikua nitawashauri wahamie huko.

Unyevu

Jambo la karibuni limetoka kwa mnunuzi. Anataka unyevu wa kila mavuno, unaopimwa kwa kifaa kiitwacho rifraktomita, kwani kiwango cha Codex, cha kimataifa cha chakula, kinataka asali isizidi unyevu wa asilimia 20. Ikizidi hapo ni rahisi kuchacha. Katibu aliongeza sifa ya `unyevu` kwenye DTD kwa neno `#IMPLIED`, yaani si ya lazima, kwa sababu mavuno ya zamani hayakupimwa. Kwenye staili ya mnunuzi akaandika jaribio la `@unyevu &gt; 20`, na yasiyofaulu jaribio hilo yakaandikwa "sawa".

Nilipolisoma niliomba aweke kidole kwenye `mavuno` la msimu uliopita na kunitajia `@unyevu` inafika wapi. Haifiki popote. Na XPath ikilinganisha kitu kisichokuwepo na 20, jibu ni hapana, hakizidi. Ndoo zote ambazo hazikuwahi kupimwa zingekwenda kwa mnunuzi zikiwa na cheti cha ukavu. Alilibadilisha mwenyewe, sikumpa jibu:

```
<xsl:choose>
  <xsl:when test="not(@unyevu)">haijapimwa</xsl:when>
  <xsl:when test="@unyevu &gt; 20">unyevu umezidi</xsl:when>
  <xsl:otherwise>sawa</xsl:otherwise>
</xsl:choose>
```

Mpangilio una uzito wake, maana `choose` hushika sharti la kwanza linalokubali na kuyaacha yanayofuata. Orodha iliyotoka safari hii ilikuwa na "haijapimwa" nyingi kuliko alivyopenda kuipeleka mjini. Aliipeleka hivyo hivyo, na mnunuzi akaomba ndoo hizo zitengwe zisubiri kupimwa.